Baba mwenye nyumba wangu ndo mada yangu ya PhD, nifanyeje?

Shangazi shikamoo,

Naandika saa nane usiku nimetoka shifti kwenye nyumba ya wazee, kwahiyo nikichanganya mambo nisamehe. Mi Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, niko Marekani mwaka wa tisa sasa. Nilikuja kwa greenkadi ya bahati nasibu, nikapiga maboksi weee mpaka mgongo ukasema basi, baadae nikarudi darasani na sasa hivi niko mwaka wa pili wa PhD ya sayansi ya siasa. Naishi na mwanangu wa darasa la tatu kwenye kijimji kimoja cha New Hampshire, baba yake tulishaachana siku nyingi.

Shida yangu ni mada. Mwisho wa mwezi wa pili natakiwa niwasilishe proposo (andiko la kuombea kibali cha utafiti) na mpaka leo sijui nasomea nini hasa. Najua tu nataka kusomea hawa watu wa Free State. Kwa wasomaji wasiowajua: mwaka 2001 kijana mmoja anaitwa Jason Sorens, nae alikuwa anasoma PhD, pale Yale, aliandika makala akasema walibetariani (yani wale wanaotaka serikali iwe ndogo kabisa, kodi kidogo, sheria chache, kila mtu aachwe na maisha yake) wametapakaa nchi nzima ndo maana hawashindi popote, sasa kwanini watu elfu ishirini wasihamie jimbo moja dogo wakawa na sauti pale pale. Walipofika elfu tano, 2003, wakapiga kura ya kuchagua jimbo, New Hampshire ikaishinda Wyoming. Februari 2016 wakatimiza sahihi 20,000. Wakaanza kuja, wengine walishatangulia, na wengine mpaka leo bado wanakuja.

Wawili kati yao ndo wenye nyumba yangu. Walihama Texas 2017, wakanunua nyumba kubwa ya mbao, mi nikapanga juu. Shangazi hawa watu nisiwaseme vibaya. Theluji ikianguka usiku, saa kumi na moja alfajiri nasikia koleo nje, ni baba mwenye nyumba anakwangua mpaka kwenye mlango wa gari langu. 2020 nilipoumwa korona wiki mbili, mama mwenye nyumba alikuwa ananiachia supu kwenye ngazi, na kodi ya mwezi ule akasema tusiiongelee. Nikiwa na shifti ya usiku mwanangu analala kwao. Anamwita yule mzee babu.

Mwaka juzi mwezi wa sita wakanipeleka kwenye tamasha lao kule Lancaster, kaskazini kabisa, watu wamepiga mahema wiki nzima. Alama yao ni nungunungu, mnyama ambaye ukimwacha nae anakuacha, ukimgusa utajijua. Nikakaanga maandazi ya nazi na iliki, foleni ikawa ndefu sijawahi kuona, mmoja akanilipa kwa kipande cha fedha, fedha yenyewe ile ya kufulia mikufu, kidogo kama ukucha, mwingine akataka kunilipa bitkoini nikamwambia kaka mi sina hiyo, basi akachutama pale akaanza kunifundisha nusu saa nzima mpaka mafuta yakaungua. Nilicheka siku ile. Nikajua hapa kuna tasnifu.

Sasa nina mada tatu. Ya kwanza ni kuwasomea wenyewe waliohamia, nikae nao, niwahoji, ethnografia. Ya pili ni ya supavaiza wangu, anataka niende Honduras, kisiwa cha Roatán, kuna mji wa wawekezaji unaitwa Próspera ambao una sheria zake wenyewe, anasema huko ndo kuna fedha za utafiti na ndo kuna ajira baadae. Ya tatu ni Croydon. Huu ni mji wa watu kama mia nane tu hapa hapa New Hampshire. Machi 2022 kwenye mkutano wa mwaka wa shule, siku ya theluji, ukumbini watu wachache, mkazi mmoja akasimama akapendekeza bajeti ya shule ikatwe kutoka dola milioni 1.7 hadi laki nane. Alikuwa ni wa Free State na mke wake ndo mwenyekiti wa bodi ya shule. Ikapita, kura 20 kwa 14. Watu wakaamka asubuhi shule yao imebaki nusu! Mwezi wa tano wakaitisha mkutano mwingine, wakapigiana simu, wakapita mlango kwa mlango kwa sababu sheria ilitaka zaidi ya nusu ya wapigakura wote waliojiandikisha wawepo, wakaja, wakaifuta ile hoja kura 377 kwa 2.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Wiki iliyopita tuko jikoni kwao tunakunywa chai, baba mwenye nyumba akaniambia Machi hii na yeye ataleta hoja bajeti ya shule ya kwetu hapa ipunguzwe. Sio kama Croydon, anasema, kidogo tu, kuna wazee hapa kodi ya majengo inawatoa kwenye nyumba zao walizojenga kwa mikono. Hiyo shule ndo anayosoma mwanangu Shangazi. Alafu akasema, na wewe ukitaka kuandika andika, mi sina siri. Nikacheka, nikanywa chai yangu, nikapanda juu. Tangu siku ile silali vizuri.

Nikiandika juu yao naona kama nakula mkono ulionilisha. Nisipoandika naona nimeikimbia mada yenyewe. Nikienda Honduras namuacha nani mtoto. Wenzangu darasani nao nikisema Free State wanacheka wananiuliza habari za dubu. Na mjomba wangu, ambaye ndo alinisomesha, mwalimu mstaafu, akanitumia sauti WhatsApp: "Sisi serikali ilituhamisha kwa malori wakati wa Operesheni Vijiji, hao wanahama wenyewe kuikimbia serikali, na wewe tumekusomesha ukakae katikati uwaangalie?" Anataka nisome kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Mambo mengine yako sawa, kazini wenzangu wengi ni Wakongo na Warundi tunapiga Kiswahili usiku kucha, na mwezi wa kumi nimekula kiapo cha uraia kwahiyo makaratasi hayanisumbui tena. Ni hili tu. Niambie nichague ipi.

Nungunungu wa Tanga


Shangazi anajibu:

Marahaba mwanangu, na pole na shifti. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, tabia ya ukutubi hiyo, miaka mingi nilikaa maktaba na watu wakija na swali nilikuwa sitazami wanachouliza, natazama wanachozunguka.

Unasema una mada tatu na unataka uambiwe ipi. Mi naona umeniandikia mahali patatu: hapo kwenu, Roatán, na Croydon. Mahali sio swali. Mtu anaweza kwenda Croydon akauliza habari za shule, mwingine akaenda huko huko akauliza kwanini watu 34 wanaweza kuamua jambo la mji mzima kwa sababu tu siku hiyo kuna theluji, na hizo ni tasnifu mbili ambazo hazisalimiani. Kwahiyo kabla hujachagua pa kwenda, jaribu kuniandikia, au jiandikie mwenyewe, sentensi moja inayoishia na alama ya kuuliza. Sio "nasomea Free State". Kitu unachotaka kujua na hukijui.

Nikupe mfano wa swali ambalo mi ningelitamani, na usilichukue kwa sababu nimelisema. Umesema walitimiza sahihi 20,000. Haya, waliofika mbona ni wachache sana kuliko waliosaini? Wako wapi wengine? Mtu anaweka sahihi yake kwamba nitahama, nitauza nyumba, nitamwacha mama yangu, kwa ajili ya uhuru, alafu anabaki pale pale Ohio miaka ishirini. Kila mwandishi anakwenda kumtazama aliyehama maana ndo ana vituko. Aliyebaki hana kituko, ila pengine yeye ndo anajua kitu juu ya hizi harakati ambacho aliyehama hakijui. Mi mdaku, ningeanza na huyo. Ubaya wake ni kwamba kumpata ni kazi, hana tamasha, hana mahema, na ukimpata ataona haya. Na ukikosa watu wa kutosha mwaka wa nne utajikuta unalia.

Sasa tuje kwenye vitu ambavyo umevichukulia kama vimeshaamuliwa.

Cha kwanza, umeandika "hawa watu wa Free State" kama vile ni ukoo mmoja. Hebu kumbuka Machi 2022, mwezi ule ule wa Croydon, kwenye bunge la jimbo lenu kulikuwa na hoja ya kubadilisha katiba ili New Hampshire ijitenge na Marekani. Ilikataliwa 323 kwa 13. Na humo bungeni watu wa Free State walikuwemo kwa makumi, mmoja wao, Jason Osborne, alikuwa ndiye kiongozi wa wengi! Kwahiyo kuna wanaotaka kuvunja nyumba, kuna wanaotaka kuipaka rangi tu, na kule mji wa Keene kulikuwa na wale waliokuwa wanatembea mbele ya maafisa wa maegesho wakitumbukiza sarafu kwenye mita za watu wasiowajua ili wasipigwe faini, mpaka manispaa ikawapeleka mahakamani. Baba mwenye nyumba wako mwenye koleo ni yupi kati ya hao? Umekaa nae miaka, unajua. Mi nahisi hafanani na yeyote, na hapo ndipo pana utamu.

Cha pili, hao wenzako wanaocheka habari za dubu. Wanaongelea Grafton, mji ambao kundi moja lilihamia kuanzia 2004 wakitaka uwe mji huru, wakapunguza matumizi ya mji, na miaka ile dubu wakawa wanaingia mpaka barazani, watu wengine wanawalisha wengine wanawapiga risasi, hakuna wa kusimamia. Mwandishi wa habari mmoja akaitoa kama kitabu 2020 na sasa ndo hadithi pekee watu wanayoijua. Ni hadithi nzuri, siikatai. Ila inamfanya msomaji acheke aende zake. Ukiogopa kuchekwa utaandika tasnifu nzito ya kujitetea, na ukipenda kuchekesha utaandika ya dubu. Zote mbili zinakuwa zimeandikwa kwa ajili ya wale wenzako darasani.

Kitu ambacho hakichekeshi ni hesabu. Bunge la chini la New Hampshire lina wajumbe 400 kwa watu kama milioni 1.4, yani mjumbe mmoja kwa watu elfu tatu na kitu, wanakijiji wanaojuana. Malipo ni dola 100 kwa mwaka, hayatoshi hata petroli. Hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara, hakuna kodi ya mauzo, kwahiyo shule inabebwa sana na kodi ya majengo ya mji wenyewe, na kwenye miji mingi bajeti inapitishwa ukumbini kwa kunyoosha mikono au kura ya karatasi. Mlango kama huo ukiwa wazi, watu elfu kadhaa waliojipanga wanatosha. Hapo unaweza kuwaacha waliohama pembeni kabisa ukasomea mlango. Faida yake ni kwamba hauhitaji kumhoji mtu anayekulelea mtoto, kila mji New Hampshire unachapisha ripoti yake ya mwaka, ina bajeti, ina hoja, ina kura, zimekaa maktaba za miji zinangoja mtu mwenye subira. Hasara yake ni kwamba ripoti haikaangi maandazi. Ulivyoandika ile siku ya Lancaster nimejua wewe ni mtu wa watu, na miaka mitatu ya makaratasi matupu inaweza kukukausha.

Kuhusu Honduras sitaki nimseme vibaya msimamizi wako, pengine anakutakia mema. Na Próspera ni mada ya kweli. Sheria iliyoizaa ni ya 2013, bunge la Honduras likaifuta 2022, wawekezaji wakaishtaki nchi wakidai karibu dola bilioni 11, na jirani kabisa na ule mji kuna kijiji cha wavuvi, Crawfish Rock, watu weusi wanaoongea Kiingereza cha kisiwani, ambao wao hawakuhama wala hawakusaini chochote, jambo liliwakuta pale pale. Mtoto wa pwani kama wewe akienda kukaa na wavuvi ambao mwekezaji amekuja na ramani yake, ataelewa vitu ambavyo supavaiza hajavifikiria. Lakini Kihispania unacho? Kesi ikiendelea watu watakubali kuongea au kila mtu atakutuma kwa wakili wake? Na mtoto, kama ulivyosema mwenyewe. Zaidi ya hapo nakuuliza kitu kimoja tu: Próspera umeiandikia mistari miwili, na yote miwili ni ya mwingine. Yako iko wapi? Inawezekana ipo, hujaitafuta bado. Na kama unaitaka kwa sababu iko mbali na jikoni kwa mama mwenye nyumba, hiyo nayo ni sababu, watu wengi wamesomea mbali kwa sababu karibu kunauma, na wamefanya kazi nzuri. Ila ujue ndo sababu.

Mjomba wako sasa. Nimempenda. Ile kauli yake ya malori na wanaohama wenyewe ni swali la utafiti limevaa kanzu ya lawama. Kuna kishawishi cha kulichukua moja kwa moja, Operesheni Vijiji upande huu, Free State upande ule, serikali inayohamisha watu na watu wanaohama kuikwepa serikali. Nakutahadharisha hapo. Mtu aliyepakiwa kwenye lori 1974 nyumba yake nyuma inachomwa, na mtu aliyeuza nyumba Texas akanunua nyingine New Hampshire, kuwaweka kwenye jedwali moja ni kumdhulumu mmoja wao, na unajua yupi. Ila kama mlango wa kuingilia, kama kitu cha kukufanya uulize ni nani anayelipia ndoto ya mtu kuhama, si kibaya.

Na kama anachotaka mjomba ni kitu cha nyumbani, nina kingine, na hapa nitajisifu kidogo maana mi mzaliwa wa Lamu. Mwaka 1890 mchumi mmoja wa Vienna, Theodor Hertzka, aliandika riwaya inayoitwa Freiland, nchi huru, ambayo aliiweka kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Ardhi haina mwenyewe, mikopo haina riba, kila mtu anafanya kazi na anayetaka. Wazungu wakaipenda mpaka wakaunda vyama, na 1894 kundi lao likashuka Lamu kweli kweli, wanataka kupanda Mto Tana waende mlimani wakajenge. Hawakufika. Walikwama pale kisiwani, wakagombana, miezi michache tu wakasambaratika kila mtu kivyake. Wale wenye mlima hakuna aliyewauliza kitu, kwenye ile ndoto ardhi ilikuwa kama tupu. Sio walibetariani wa leo, usiwachanganye, Hertzka angegombana na baba mwenye nyumba wako kuhusu ardhi asubuhi mpaka jioni. Lakini kama unatafuta ukoo wa watu wanaosema tusibadilishe serikali, tuondoke tukaanze upya mahali ambapo hapana watu wengi, ukoo huo ulishatua pwani ya kwetu. Ukitaka kuufuata itabidi ujifunze Kijerumani na uzoee vumbi la nyaraka. Si lazima iwe tasnifu, inaweza kuwa sura moja. Au inaweza kuwa sauti ya dakika mbili ya kumtumia mjomba.

Nimechelewesha jambo la jikoni kwa makusudi.

Unasema ukiandika juu yao utakuwa unakula mkono uliokulisha. Hebu tulitazame pole pole. Yeye ana ufunguo wa nyumba yako na mtoto wako analala kwake, kwahiyo si rahisi kwako kuandika lisilompendeza. Wewe una kalamu na watu wa chuo watakaosoma, kwahiyo si rahisi kwake kujua "andika, sina siri" itaishia wapi. Alisema hivo mbele ya chai. Je, alikuwa anakubali uandike kuhusu hoja yake, ambayo ataisema ukumbini watu wote wakisikia, au kuhusu supu kwenye ngazi? Hivi ni vitu viwili. Na kwenye mji wa watu mia kadhaa jina la bandia halimfichi mtu, kila atakayesoma "mzee mmoja wa Texas mwenye mpangaji Mwafrika" atajua nyumba ni ipi. Kamati ya maadili ya chuo itakuuliza hayo, bora ujiulize kwanza. Nikitania kidogo, hawa ni watu wanaoamini mikataba kuliko kitu chochote, ukimletea karatasi ya ridhaa yenye vipengele vyote, siku ya mchana, sio jikoni, pengine ndo atakuheshimu zaidi. Au atakataa. Akikataa utakuwa umejua, na Croydon bado ipo, na miji mingine ipo, unaweza kuisomea harakati nzima bila kugusa ngazi zako. Wapo wanaohama nyumba kwanza ndo wakaanza utafiti. Kwako kuhama maana yake ni kumtoa mtoto kwa babu, sijui kama kuna tasnifu inayostahili hiyo. Unajua wewe.

Na mbona ile habari kubwa kuliko zote umeificha kwenye mstari wa mwisho, umeiweka pamoja na makaratasi? Umekula kiapo mwezi wa kumi. Hongera sana mwanangu! Sasa Machi unapiga kura. Utakuwa ukumbini, baba mwenye nyumba atasimama atasema hoja yake, na mkono wako utahesabiwa. Mzazi, mpangaji, mpiga kura na mtafiti, wote wanne kwenye kiti kimoja. Unaweza ukapiga kura na ukaandika wazi kwamba ulipiga na uliipigia nini. Unaweza ukakaa na daftari usinyooshe kitu, ila mwanao akikuuliza ulikuwa wapi siku ile, utamjibu. Unaweza ukasema mji wangu siusomei, nitausomea wa jirani, hapa mi ni mkazi tu. Kila njia ina gharama yake na hakuna hata moja inayokufanya usiwe na upande. Wengi wanaosomea siasa wana upande, tofauti yako ni kwamba wako una tarehe.

Halafu wale Wakongo na Warundi wa zamu ya usiku. Umewataja kama mapumziko, mi nimewaona kama wahusika. Jimbo lile lile, watu wawili wamehamia. Mmoja anatoka Texas na gari lake, akishakuwa mkazi anajiandikisha hata siku ile ile ya kura. Mwingine alikaa kambini miaka, akaletwa Manchester au Concord, anawaosha wazee wa New Hampshire usiku, na inabidi angoje miaka mitano ndo aombe uraia. Wote wawili wakiulizwa walifuata nini watajibu neno moja, uhuru. Hiyo huwezi kuipata kwenye maktaba yoyote, na katika darasa lenu nadhani ni wewe tu unayeweza kuisikiliza kwa lugha yake. Kamati watakwambia ni pana mno, na pengine watakuwa na haki. Unaweza pia ukaona umechoka kuwa yule anayeletwa kueleza wakimbizi kila semina, na hilo nalo lina haki yake.

Proposo ni Februari, mkutano ni Machi. Sio lazima ujue utanyoosha mkono gani ndo uandike, na kurasa za proposo hazijawahi kumfunga mtu maisha, nimeziona nyingi zikibadilishwa mpaka jina. Andika ile sentensi yenye alama ya kuuliza, ziwe hata tano, uzibandike kwenye friji, utazame ni ipi bado inakukera baada ya wiki ya shifti za usiku.

Kitu kimoja nimekitafuta kwenye barua yako sikukiona. Amekwambia hoja yake, amekwambia andika, wewe ukacheka ukanywa chai ukapanda juu. Wewe mama wa mtoto wa darasa la tatu, ulimjibu nini? Kama hukumjibu, nenda kesho uchukue kikombe, mwambie shule ile mtoto wako yumo, uone uso wake, alafu uniandikie.

Shangazi